Taa ya Buluu Kinywani mwa Binti Yangu

Mwaka 1998, nikiwa na miaka ishirini na sita, taabu ilinianza. Kabla ya hapo nilikuwa mke wa mtu wa reli, nyumba ya kupanga mtaa wa Mikelenge, mimba ya miezi saba. Vita vilifika Kindu, garimoshi likasimama, mshahara ukasimama, na mume wangu akasema anakwenda kutafuta maisha upande wa Katanga, atatuma habari. Hakutuma. Wanasema alioa huko. Aoe. Katika karatasi hizi simtaji tena.

Shule niliacha darasa la tatu. Haya naandika kwa mkono wangu, kwa kalamu ya biki, kidogo kidogo baada ya kufunga depo yangu ya mafuta ya ngazi. Anayeona herufi imekosea airekebishe kichwani mwake aendelee kusoma. Sikuandika ili nifundishwe.

Nataka kuandika habari ya meno, kwa sababu jambo lile lilinitia kinyaa ambacho mpaka leo hakijatoka. Vita nimeviona. Maiti mtoni nimeziona. Lakini mara nyingi nikikaa kula, kinachonirudia mbele ya sahani ni mdomo wa mwanangu umefunguliwa kwa plastiki, na taa ya buluu ndani yake.

Nianze na msitu.

Nilivuka mto kwa mtumbwi na tumbo langu, nikafuata watu upande wa Kalima. Binti yangu alizaliwa kwenye kibanda cha majani, mvua inanyesha, bibi mmoja nisiyemjua akikata kitovu kwa wembe aliouchemsha kwenye sufuria ya mihogo. Tulikaa huko, tukarudi, tukakimbia tena. Miaka ile mutu hakusema anakaa mahali. Alisema amelala mahali.

Kilichotulisha ni mafuta ya ngazi, yale mekundu. Michikichi ilikuwa ya watu waliokimbia, na matunda yalianguka yenyewe. Nilichemsha, nikakanyaga kwa miguu ndani ya mtumbwi mbovu uliovutwa nchi kavu, nikachota mafuta juu ya maji kwa bakuli. Niliyatia kwenye ndoo, kamba ya ndoo kwenye paji la uso, mutoto kifuani, nikatembea mpaka kwa wachimbaji wa kasiteriti, mawe ya bati. Wao walikuwa na chumvi, mimi nilikuwa na mafuta. Kwenye kizuizi askari alitia mkono wake ndani ya ndoo hadi kwenye kiwiko, akitafuta kama nimeficha mawe chini. Mkono ule ulikuwa na kidonda. Alipoutoa aliulamba. Nikaenda nikauza mafuta yale yale, na wachimbaji wakala. Sikuwaambia.

Mutoto aliugua sana. Homa, kuhara, kikohozi, majipu. Kulikuwa na bwana mmoja wa baiskeli aliyepita na katoni ya dawa nyuma, anauza moja moja. Alikuwa na gelile, vidonge vya unga vyenye rangi mbili, nyekundu na njano. Tuliziita tetra. Tetra ilikuwa dawa ya kila kitu. Mutoto anakohoa, tetra. Mutoto anahara, tetra. Kidonda, unafungua gelile unamwagia unga juu yake. Kwa binti yangu nilifungua, nikamwaga unga kwenye kijiko cha mafuta ya ngazi, nikakoroga na kidole, nikamtia mdomoni na kumziba pua ameze. Nilifanya hivyo tangu alipokuwa na miezi michache mpaka alipokuwa na miaka mitano. Jirani yangu wa kibanda cha pili hakuwa na kitu cha kumpa bwana wa baiskeli. Alizika wawili.

Wangu aliishi. Meno ya utoto yakatoka, yakaanguka, yakaja ya ukubwa, na yale ya ukubwa yalikuja na mistari. Kijivu, kahawia, kijivu tena, mistari ya kulala, mmoja juu ya mwingine. Nikamsugua kwa mkaa. Nikamsugua kwa majivu na chumvi. Nikampiga nikidhani anakula udongo. Halafu nikazoea, na yeye akajifunza kucheka akiweka mkono mbele ya mdomo.

Sasa nije kwenye siku hizi.

Binti yangu ni mwalimu. Alisomeshwa na mafuta ya ngazi, kutoka darasa la kwanza mpaka diploma, na mimi njo niliyekamua. Mwaka uliopita akapata mchumba, kijana mpole wa upande wa Kibombo, fundi wa mashini za kusaga. Ukoo wa kijana ukatuma habari kwamba watakuja nyumbani kwangu siku ya jumamosi, kuonana na kula. Mambo ya mali ya mahari yatafuata baadaye wakiridhika.

Wiki mbili kabla, alifika Kindu kijana mwenye koti jeupe, kwa ndege, kutoka Goma. Alipanga chumba karibu na soko, akabandika ukutani picha ya mdomo wa muzungu, meno meupe kama choo cha hoteli. Chini yake imeandikwa kwamba anasafisha meno kwa lazeri. Kindu nzima ilisimama mbele ya picha ile. Wafanyabiashara wenye meno ya tumbaku walienda, na wake za wakubwa wakafuata. Binti yangu alikwenda kuuliza, akaambiwa nafasi iliyobaki ni alhamisi tu, kwa sababu jumapili bwana anapanda ndege yake.

“Mama, twende wote,” akaniambia. “Naogopa.”

“Unaogopa nini na ni wewe unayetaka?”

“Twende tu, mama.”

Nikaenda. Chumba kilinuka mafuta ya taa, karafuu na mpira mpya. Kwenye kiti alikuwa bado yule muuza saruji wa barabara ya bandari, mutu mzima mwenye wajukuu, mdomo umetanuliwa kwa kitu cha plastiki mpaka ufizi wote uko nje, mate yanatiririka kidevuni yanaingia shingoni. Aliponiona alitaka kunisalimia kwa heshima. Ilitoka sauti kama ya mbuzi aliyekunywa maji vibaya. Nikageuka ukutani.

Ikawa zamu ya binti yangu. Bwana wa lazeri alimlaza, akamtia ile plastiki, akampaka ufizi kitu kama gundi, halafu meno akayapaka dawa nyeupe nzito. Alimvika miwani myeusi. Akavuta taa yenye shingo ndefu, akaiweka mbele ya mdomo, na mdomo wa mwanangu ukageuka buluu ndani. Nimeona kambale mkubwa amepasuliwa bandarini, taya juu na taya chini. Njo hivyo alivyokuwa.

“Mama, usiogope,” bwana akasema. “Dakika kumi na tano mara tatu. Anatoka hapa malaika.”

“Na akitoka malaika, atakula nini?”

Akacheka. “Swali zuri. Siku tatu asiguse kitu chenye rangi. Hakuna chai, hakuna kahawa, hakuna nyanya. Na mafuta ya ngazi kabisa, kabisa. Mafuta ya ngazi njo adui wa kwanza wa meno hapa Maniema. Mnakula uchafu mwekundu tangu utotoni, halafu mnashangaa.”

Binti yangu aliinua mkono akiwa amelala, akautikisa, kumwonya yule bwana. Hakuweza kusema.

“Unajua unaongea na nani?” nikamwuliza.

“Na mama yake.”

“Unaongea na mafuta yenyewe. Uliza bandarini depo ni ya nani.”

Akatazama saa yake. Katika zamu ya pili grupu ya umeme ilizima. Nje tukasikia inakohoa, halafu kimya. Bwana akatoka kutafuta petroli. Alituacha. Mwanangu akabaki na dawa mdomoni, ameshika mikono ya kiti, macho nyuma ya miwani sikuyaona, lakini miguu yake ilikuwa inasugua sakafu. Nilitaka kumfutia. Sikujua nifute na nini, na kama nikifuta naharibu. Mimi niliyepita vizuizi vyote vile nilikaa na mikono mapajani kama mgeni, nikiangalia mate ya mwanangu yakidondoka kwenye kitambaa. Bwana aliporudi, ufizi ulikuwa umegeuka mweupe, mweupe wa nyama iliyokaa majini siku mbili. Akasema hiyo ni kawaida, itarudi. Akawasha taa tena akamalizia.

Alipoondoa vyote akampa kioo.

Meno yalikuwa meupe kweli juu na chini. Katikati ile mistari ilibaki, na sasa ilionekana zaidi kuliko mwanzo, kama alama ambayo mto unaiacha kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Binti yangu aliangalia, akaweka kioo chini polepole, akatoka uani kusukutua.

Bwana wa lazeri akanisogelea, akashusha sauti. “Mama, wakati wa vita mutoto alikunywa dawa gani?”

“Tetra. Kila mutoto alikunywa.”

“Basi njo hiyo. Dawa ile inaingia ndani ya jino wakati jino linajengwa. Si uchafu. Lazeri haiwezi kuitoa.”

“Wewe ulijua leo?”

“Nilijua alipofungua mdomo siku ya kwanza.”

“Na ukamlaza?”

“Mama, mteja anakuja na hamu yake. Ningemwambia hapana, angelia.”

Nilimwangalia kijana yule, koti lake safi, kucha zake safi, meno yake mwenyewe ya kawaida tu, hakujitia lazeri. Kinyaa kilinipanda. Halafu, na hili naandika kwa sababu nimeamua kuandika ukweli, nikasikia binti yangu anarudi, nikamwambia yule bwana kwa sauti ndogo, “Usimwambie habari ya tetra.” Akaitika kwa kichwa, kama mutu aliyezoea. Tukawa wawili wa namna moja.

Ijumaa binti yangu akaanza mapishi, sombe ya majani ya mihogo ikiwa tayari motoni. Akaniambia, “Mama, sombe ya kesho tuitie mafuta ya dukani, yale meupe.”

“Katika nyumba hii?”

“Kesho tu. Niweze kuonja.”

Hapa inabidi nieleze. Kwetu, wakwe wanapokuja kula mara ya kwanza, binti njo anapika, na tonge la kwanza analila yeye mwenyewe mbele yao. Zamani ilikuwa heshima tu. Baada ya vita watu wamekuwa wakali juu yake, kwa sababu wengi walikufa kwa sumu, au walisemwa kufa kwa sumu, na siku hizi mutu anatazama mkono wa mpishi kabla ya kutazama chakula. Nilijua haya yote. Lakini nilisikia tu maneno ya yule bwana, uchafu mwekundu, na kiburi kikanipanda. Nikamwambia wageni wa Kibombo hawatakuja kwa mwenye mafuta ya ngazi wale sombe ya rangi ya majani tupu. Nikachukua kopo, nikamimina mwenyewe. Sombe ikang'aa nyekundu pembeni.

“Basi nitaonja wali na samaki,” akasema. “Hawataangalia.”

Waliangalia.

Jumamosi walikuja watu saba, na mkubwa wao alikuwa shangazi wa kijana, mwanamke mnene mwenye sauti ya soko, ambaye nilimpenda tangu alipovua viatu. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Walinisifu nyumba. Chakula kikaletwa, mikono ikanawishwa, na shangazi akasema, “Haya, binti, tufungulie njia.”

Binti yangu akachukua wali kidogo na nyama ya samaki ya ndani, ile nyeupe, akala kwa midomo iliyofungwa.

“Wali tumeuona,” shangazi akasema. “Sombe nayo inatutazama.”

Watu wakacheka. Binti yangu akatabasamu bila kufungua mdomo. “Shangazi, daktari amenikataza mafuta.”

“Pole sana. Unaumwa nini?”

“Siumwi.”

“Huumwi, na daktari amekukataza. Daktari wa nini huyo?”

Mjomba mmoja mzee, aliyekuwa tayari na tonge la ugali mkononi, akalirudisha kwenye sahani taratibu na kusema kwamba kwa kweli asubuhi alikula mihogo mingi. Mwingine akafuta mikono ambayo bado haijagusa kitu. Kijana mwenyewe, mchumba, alikuwa anaangalia magoti yake. Nikaona ndoa ya mwanangu inatoka mlangoni na viatu vyake.

Shangazi akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Mama mukwe, tuseme wazi. Wewe njo mwenye mafuta. Mutoto wako amepika kwa mafuta yako na anayakimbia. Anajua nini ambacho sisi hatujui?”

Nilitaka kusema hajui kitu. Ningechota mimi nile, nikala sufuria nzima, isingesaidia. Mkono unaotakiwa si wangu. Nikasema, “Hajui kitu. Mimi njo ninayejua.”

Nikawaeleza lazeri. Mjomba mzee akauliza lazeri ni nini, nikamwambia ni taa ya kuchoma mdomo. Nikawaeleza siku tatu na katazo la mafuta. Halafu nikafika kwenye tetra, na hapo sauti yangu ilikwama kama grupu ya yule bwana, lakini nilisukuma. Nikasema mistari ya meno ya mutoto huyu si uchafu, si udongo, si ugonjwa wa ukoo wetu. Ni mimi niliyeitia, kwa kijiko, miaka mitano, na lazeri haitaitoa.

Binti yangu alinigeukia. “Ulijua lini, mama?”

“Alhamisi. Ulipokuwa unasukutua.”

“Na jana ukanimiminia mafuta ukijua nimejichoma bure.”

“Ndiyo.”

Binti yangu akakata tonge la ugali, akalichovya kwenye sombe mpaka vidole vikawa vyekundu, akafungua mdomo wote. Kila mtu aliona: meno ya mistari, ufizi uliobabuka na ngozi nyeupe inayoning'inia. Akala. Chumvi na pilipili vilipofika kwenye nyama mbichi, machozi yalimtoka, lakini alitafuna bila haraka, akiniangalia mimi, si wao. Akakata la pili. Nilisikia kichefuchefu, na sikujua ni kwa sababu ya ufizi ule au kwa sababu yangu mwenyewe. Nilikaza macho. Nilijiambia, angalia, usigeukie ukuta.

“Inatosha, mwanangu,” shangazi akasema. “Tumeona. Usijiumize.” Akavuta sahani ya sombe kwake, akala, na mjomba wa mihogo akakumbuka kwamba ana njaa.

Walikula vyote. Wakati wa kuondoka, shangazi alinivuta pembeni ya mlango.

“Ile tetra,” akasema. “Ya nyekundu na njano?”

“Hiyo hiyo.”

“Ya bwana wa baiskeli?”

“Kila msitu ulikuwa na bwana wake wa baiskeli.”

Niliona anapitisha watoto wake mmoja mmoja kichwani, anawafungua midomo. Halafu akavaa viatu.

Jumapili bwana wa lazeri akapanda ndege yake. Picha ya mdomo ilibaki ukutani mpaka mvua ikaichana. Sasa wamekuja wengine wawili, na mmoja anasema lazeri yake ni mpya zaidi. Watu wanapanga mstari. Nikipita pale natema mate chini, na sioni haya. Anayetaka kunishtaki anajua depo yangu.

Binti yangu hakusema nami siku tisa. Alikula jikoni, mimi sebuleni. Siku ya kumi alikuja depo nikiwa napima mafuta, akasimama mlangoni.

“Gelile ngapi?” akauliza.

“Sikuhesabu. Ungekufa.”

“Hilo najua. Nimeuliza ngapi tu.”

“Labda mia. Labda zaidi.”

“Na mimi nikipata mutoto akiwa na homa?”

“Utampeleka hospitali. Hospitali iko.”

Akaitika, akachukua chupa mbili za mafuta kwa ajili ya nyumbani, akaondoka. Aliolewa baada ya miezi mitatu. Ufizi ulipona. Mistari iko.

Mimi niliyetoka msituni na ndoo moja, leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Mikelenge, vyumba vitano, bati jipya. Depo ya mafuta karibu na bandari. Mashini moja ya kukamua ngazi, ya chuma. Mapipa kumi na manne. Shamba la michikichi upande wa pili wa mto, langu kwa karatasi. Baiskeli tatu za kubebea mizigo. Cherehani moja. Mbuzi saba. Vitanda vinne, magodoro matatu. Redio. Simu mbili, moja mbovu.